Mdidimio, Wala Si Uzamishaji

Katika vitabu vya jiografia limeingia neno uzamishaji, likakusudiwa kuwa jina la tendo lile ambalo kwalo bamba moja la ganda la dunia huingia chini ya bamba jingine. Na kwa kuwa neno hilo limepitishwa na kamati, na waraka wangu wa kulipinga haukupata jawabu lolote, naona sina budi kulisemea hadharani.

Asili ya istilahi ya Kizungu, subduction, ni Kilatini, maneno mawili, la kwanza lenye maana ya chini na la pili kuongoza, nayo iliingizwa katika elimu ya miamba na mwanajiolojia Amstutz mwaka 1951 alipokuwa akieleza milima ya Alps. Waarabu hawakuandama Kilatini. Walisema indisasi, kutokana na dassa, yaani kupenyeza kitu ndani ya kingine kwa siri. Nasi tunacho kitenzi didimia, wala sioni kwa nini kisahauliwe. Zama ni la maji: chombo huzama, mpiga mbizi huzama. Didimia ni la kitu kigumu kiingiacho taratibu katika kitu kizito kinachokikinza na kukiachia kwa pamoja, mfano wa boriti ya mkoko iliyosimamishwa topeni, ambayo bamvua hata bamvua huonekana imepungua urefu. Na mawe yaliyo chini ya ganda la dunia si maji wala si uji, kama wadhaniavyo wengi. Ni mawe magumu yenye joto kubwa, ambayo kwa muhula wa mamilioni ya miaka hukubali kwenda.

Linaloniudhi zaidi ni ile -sh-. Zamisha hudai mzamishaji; ni nani basi alizamishaye bamba la Nazca chini ya Amerika ya Kusini? Bamba la bahari, kadiri liendavyo mbali na mgongo wa bahari lilikozaliwa, hupoa likawa zito. Likifika mpakani huinama kwa uzito wake wenyewe, na likiisha kushuka makumi ya kilomita, basalti yake hugeuka eklojiti, jiwe zito kuliko mawe yaliyoizunguka, ikalivuta bamba lililosalia nyuma. Hakuna nguvu iendeshayo mabamba iliyo kubwa kuliko mvuto huo.

Mwingine amependekeza umezaji. Kimezwacho hukoma, ilhali bamba hili huendelea kutenda: kwenye kina cha kilomita 100 hivi madini yake huachilia maji yaliyofungamana nayo tangu baharini, maji hayo yakapanda katika mawe ya moto yaliyo juu yake, yakayawezesha kuyeyuka kwa joto dogo kuliko kawaida yake, na hapo ndipo ipatikanapo magma ya volkeno za Andes na ya Fuji. (Kilimanjaro haimo katika hesabu hiyo, asili yake ni kutanuka kwa Bonde la Ufa.)

Wala asidhani mtu kwamba upole wa kitenzi hiki unaficha ukali wa jambo lenyewe. Bamba la Hindi hudidimia chini ya Sumatra kwa sentimita chache kila mwaka, lakini mahali yagusanapo mabamba hushikana, ukingo wa lile la juu ukaburutwa na kupindwa karne kwa karne, hata tarehe 26 Desemba 2004 ukafyatuka kwa urefu wa kilomita zipatazo 1,300, ukaisukuma bahari, na siku ile ile mawimbi yakaua watu katika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Mwanafunzi aliyesomeshwa uzamishaji atafikiri bamba la Hindi lilizama siku ile. Aliyesomeshwa mdidimio atafahamu kuwa lilikuwa likishuka tangu hapo, na hata leo linashuka.

Katika matumizi: mdidimio, wingi wake mididimio, bamba lididimialo, ukanda wa mdidimio.