Michezo ya Kale katika Mitambo Mipya

Ukitoka Nairobi kwa njia kuu ya Mombasa, ukaupita mji wa Athi River, utaona kilima cha mawe kimesimama pweke juu ya uwanda wa nyasi. Hicho ndicho kilima cha Lukenya, katika nchi ya Machakos. Wapandaji wa miamba hukipenda kwa ajili ya kuta zake. Wataalamu wa mambo ya kale hukipenda kwa ajili ya majabali yake yaliyoinama, ambayo chini yake watu walijikinga jua na mvua tangu makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Watu hao wa kwanza walikuwa wawindaji. Waliacha mifupa ya wanyama na vipande vya mawe makali, na baadhi ya vipande hivyo ni vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, lililotoka Bonde la Ufa. Baada yao walikuja wafugaji. Na katika nyakati zilizo karibu nasi zaidi, vijana wa wafugaji walipanda huko kula nyama mbali na maboma yao, wakachora ukutani alama mfano wa zile wanazowatia ng'ombe chapa. Mtaalamu Richard Gramly, aliyechimba Lukenya katika miaka ya 1970, aliandika habari za alama hizo mwaka 1975.

Fikiri, msomaji, jinsi jabali moja lilivyowapokea watu wa namna mbalimbali, kila kizazi na desturi zake, wala halikumbagua mgeni kwa zama zake. Nataka kukueleza habari za nyumba nyingine, ndogo mno kuliko jabali, ambazo tabia yake aghalabu ni kinyume cha hiyo. Nazo ni mitambo ya kuchezea michezo ya video, ambayo wauzaji huiita konsoli. Katika Athi River, kama katika miji mingine ya Kenya, vimo vyumba ambamo kijana hulipa shilingi chache acheze mechi ya kandanda katika PlayStation, au PS, kama mwenyewe unavyoiita. Mitambo hii huhesabiwa kwa vizazi. Kila baada ya miaka mitano, sita au saba kizazi kipya huzaliwa, na siku ya kuzaliwa kwake swali moja huulizwa ulimwenguni kote: Je, michezo niliyoinunua jana itachezeka katika mtambo wa leo? Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo mna hasara.

Mchezo wo wote una mambo mawili: chombo unachochezewa, na kanuni zake. Chukua bao. Katika Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937, yako mashimo yaliyochongwa safu safu katika mwamba kwa mchezo wa jamaa ya bao. Huko Zanzibar na Lamu bao huchongwa katika mti. Lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni komwe. Mtoto asiye na ubao huchimba vishimo ardhini, akaokota vijiwe, akacheza. Mwamba, mti na udongo ni vyombo vitatu tofauti, lakini mchezo haukuhitaji ruhusa ya mtu kutoka katika kimoja na kuingia katika kingine, kwa sababu kanuni zake zimo vichwani mwa wachezaji. Hatari yake ni ya namna nyingine: mwamba wa Hyrax Hill umebaki, bali waliouchonga hawakuacha andiko lo lote la kutuambia walivyohesabu. Chombo kiko, kanuni zao zimekwenda nao.

Katika mchezo wa video mambo yamegeuka. Kanuni zote zimo katika kaseti au diski, kwa ukamilifu kuliko mzee ye yote wa bao awezavyo kuzisimulia. Lakini zimeandikwa kwa lugha ya prosesa moja, yaani ile sehemu ya mtambo ifanyayo hesabu. Prosesa ya ukoo mwingine huyatazama maandiko hayo kama asiyejua Kigiriki atazamavyo barua ya Kigiriki. Pale ambapo mtambo mpya si wa ukoo mmoja na wa kale, wahandisi wana njia mbili za kuufundisha. Ya kwanza ni kutia ndani yake prosesa ya zamani pamoja na mpya, kama watu wahamiao nyumba mpya wakampa babu chumba chake. Ya pili ni kuandika programu ya mkalimani, ambayo hufasiri kila amri ya zamani papo hapo. Na kwa kuwa mkalimani hufanya kazi ya watu wawili, mtambo mpya hauna budi kuushinda wa kale kwa nguvu mara nyingi. Njia ya kwanza hugharimu fedha kwa kila mtambo unaouzwa. Ya pili hugharimu miaka ya kazi.

Kampuni ya Marekani, Atari, ilikutana na jambo hili mapema. Mwaka 1977 ilitoa mtambo uliojulikana baadaye kwa jina la 2600, na watu wakanunua kaseti zake kwa mamilioni. Mwaka 1982 ikaleta wa 5200, nao haukuzipokea kaseti hizo. Wanunuzi walinung'unika, na mtambo wa 7800, uliotoka mwaka 1986, ukazipokea tena. Wajapani wa Nintendo nao walifuata njia mbili kwa wakati mmoja: mtambo wao wa mezani wa mwaka 1990 haukuzijua kaseti za ule wa 1983, bali kile kidogo cha kushikwa mkononi, Game Boy cha mwaka 1989, kiliachia wajukuu urithi, hata kaseti zake zikachezeka katika Game Boy Advance ya mwaka 2001.

Lakini ule mtambo wa Nintendo wa mwaka 1983, jina lake Famicom, ulikuwa na maisha ya pili ambayo Nintendo yenyewe haikuyapanga, nayo yalipita katika nchi zetu. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa karne hii, watoto wengi wa Afrika Mashariki hawakuijua Famicom kwa jina lake. Walijua gemu ya tivi, mtambo mwepesi wa plastiki uliotoka Asia, wenye kaseti ya rangi ya manjano. Juu ya kaseti palijigamba namba kubwa, pengine michezo 999,999. Kijana aliyekuwa na subira ya kuhesabu aligundua kuwa ni michezo michache tu iliyorudiwa rudiwa kwa majina mapya. Ndani yake alimkuta Mario akiruka juu ya kobe, na askari wa Contra wakipiga risasi pande zote. Ajabu zaidi ni sura. Sony walipopata sifa kwa PlayStation, watengenezaji hao walitoa mtambo wenye umbo lile lile, wakauita PolyStation. Mzazi aliununua akidhani amemletea mwanawe mtambo wa kizazi kipya. Mtoto aliufunua mfuniko uliofanana na wa diski, akakuta chini yake tundu la kaseti. Kwa nje ulikuwa wa mwaka 1994, kwa ndani wa mwaka 1983.

Kwa sheria vitu hivyo vilikuwa bandia, na aliyedanganywa dukani ana haki ya kukasirika. Lakini mwanahistoria hana budi kuongeza neno. Famicom ya asili haikuuzwa kwa watu wa kima cha chini cha nchi hizi, na bandia hizo ndizo zilizowafikishia michezo ya miaka ya 1980 ilhali katika nchi tajiri ilikuwa imekwisha kuwekwa darini. Michezo ilihifadhiwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kuhifadhi cho chote, ila kuuza.

Sasa tazama njia iliyofuatwa na Sony, maana ndiyo iliyokugusa wewe. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa Desemba mwaka 1994. Ya pili, PS2, ilipotoka mwezi wa Machi mwaka 2000, wahandisi walitumia werevu ambao mimi nausifu. Prosesa ya PlayStation ya kwanza waliitia ndani ya PS2, nao hawakuiacha ikae bure. Mchezo mpya ulipochezwa, ilitumika kama karani, ikipokea amri za padi na kusoma kadi za kuhifadhia. Diski ya zamani ilipotiwa, ikarudia cheo chake cha zamani na kuuendesha mchezo wenyewe. Mtu hakulazimika kutupa alichokuwa nacho. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155, na wengi wanaamini, nami ni mmoja wao, kuwa ukarimu huo ulikuwa sababu mojawapo.

PS3 ilianza vivyo hivyo. Mitambo ya kwanza iliyouzwa Japani na Marekani mwezi wa Novemba mwaka 2006 ilikuwa na vipuri vya PS2 ndani yake. Lakini bei ilikuwa kubwa mno, na kampuni ikatafuta pa kupunguza. Ilipofika Ulaya mwezi wa Machi mwaka 2007, prosesa kuu ya PS2 ilikwisha kuondolewa, na kazi yake ikapewa programu ya mkalimani. Kabla ya mwaka huo kwisha ulitoka mtambo wa bei nafuu ambao haukuzijua diski za PS2 hata kidogo. Hapana jambo la ufundi lililoshindikana hapo. Palikuwa na hesabu ya fedha, na babu akanyang'anywa chumba.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2013. PS3 ilikuwa na prosesa ya pekee iitwayo Cell, iliyobuniwa na Sony pamoja na Toshiba na IBM. Ilikuwa na nguvu, lakini tabia yake ilikuwa ngumu hata waandishi wa michezo walilalamika. PS4 iliiacha ikafuata prosesa za ukoo wa kompyuta za kawaida. Vipuri vya Cell havikutiwa ndani yake, wala mkalimani wa kuifasiri hakuandikwa. Basi diski zote za PS3 zikawa mfano wa mashimo yale ya Hyrax Hill yaliyogeuzwa: kanuni zipo kamili, chombo kimegoma.

Washindani wao wa Microsoft nao walianza hivyo hivyo mwaka 2013, lakini mwaka 2015 walitangaza kuwa wamemfundisha Xbox One kusoma michezo ya Xbox 360. Angalia sharti lake. Diski ya zamani haikuchezwa yenyewe. Ilikuwa ufunguo tu, na mchezo uliotengenezwa upya ulishushwa kwa intaneti, baada ya mwenye haki kukubali. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 kampuni hiyo iliongeza michezo ya mwisho, ikasema kuwa leseni, sheria na ufundi vimewafikisha ukingoni.

Tangu mwaka 2020 mambo yamekuwa mepesi kidogo. PS5 ni wa ukoo mmoja na PS4, kwa hiyo hucheza karibu michezo yake yote. Na Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, hucheza mingi ya michezo ya Switch ya kwanza. Lakini mlango mmoja unapofunguka mwingine hufungwa. PS5 iliuzwa tangu mwanzo kwa namna mbili, moja ikiwa haina mahali pa kutia diski, na mwenye hiyo hununua michezo katika duka la intaneti tu. Maduka hayo nayo hufa. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mitambo yake miwili, Wii U na 3DS. Mwaka huo huo shirika la Marekani lishughulikialo historia ya michezo ya video, Video Game History Foundation, lilichunguza michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, likaona kuwa katika kila 100, michezo 87 haiuzwi tena na ye yote.

Pengine utauliza hayo yanamhusu nini mtu wa Lukenya, na kama mchezo wa mwaka jana hauna haki ya kupita. Nitakujibu kwa mfano mmoja. Tarehe 7 Novemba 2012, mjini Glasgow, timu ya Celtic ya Uskoti iliishinda Barcelona mabao 2 kwa 1. Bao la kwanza lilifungwa kwa kichwa na Mkenya, Victor Wanyama, mwenye jezi namba 67, aliyoivaa kwa kuwakumbuka wachezaji wa Celtic walioshinda Kombe la Ulaya mwaka 1967. Majira ya joto yaliyofuata aliuzwa Southampton. Mchezo wa video wa mwaka ule, FIFA 13, ulitoka mwezi wa Septemba mwaka 2012, naye yumo ndani yake kama mchezaji wa Celtic. Jina la FIFA lenyewe limekwisha kuondoka katika mfululizo huo. Mwaka 2023 kampuni ya Electronic Arts iliuita kwa jina jingine na kuiondoa ile ya zamani katika maduka ya intaneti. Zimebaki diski zilizo mikononi mwa watu, katika masanduku, chini ya meza za vyumba vya PS. Ukiipata moja ya PS3, ukaitia katika PS4, itakataliwa. Itie katika PS3 yenyewe, ikiwa bado ipo na bado inawaka, na uwanja utafunguka, Wanyama akiwa kiungo wa Celtic.