Wimbo Uliokuwamo Ndani ya Mwanafunzi

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alikuwa mwanafunzi katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, karibu na Arusha. Hakwenda huko kusomea muziki, bali kuandaliwa kwa ajili ya uchungaji. Hata hivyo, mwaka huo aliandika wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”, unaoimbwa kwa mahadhi ya jadi ya Kihaya. Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, yafaa kukumbuka wimbo huo ulivyopatikana.

Wanafunzi wa wakati ule walikuwa wamelelewa kwa nyimbo ambazo mahadhi yake yalitoka Ulaya. Nyimbo hizo ziliwajenga wazee wetu katika imani, wala si za kubezwa. Lakini zilikuwa na ugumu wake. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya nyimbo za Ulaya huishia kwenye silabi yenye mkazo. Neno likilazimishwa kufuata mahadhi hayo, husikika kama limetamkwa na mgeni. Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa moyoni. Mahali pengi ngoma na nyimbo za kimila zilikatazwa, na kijana akajifunza kwamba alichorithi nyumbani hakifai kuletwa mbele za Mungu.

Mwalimu mmoja aliona vingine. Howard Olson, mmishonari kutoka Marekani, alifika Tanganyika mwaka 1946. Alijifunza Kinyaturu kwa bidii hata akaandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1964 juu ya lugha hiyo. Alipofundisha Makumira, aliwahimiza wanafunzi watafute mahadhi ya kwao na kuyatungia maneno ya Injili. Njia hiyo haikumdai mwanafunzi kipaji cha pekee. Ilimdai ajijue: ametoka wapi, na ni wimbo gani aliokuwa nao kabla hajajua kusoma. Mwenye kipaji alipata mahali pa kuanzia. Asiyejidhania kuwa nacho aligundua kwamba hakuja chuoni mikono mitupu. Kwa mkono wa Wilson Niwagila Kanisa lilipata “Njoo kwetu, Roho mwema”. Nyimbo za namna hiyo zilikusanywa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu.

Matunda yake yalifika mbali. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutungia wimbo wa Kyamanywa maneno ya Kijerumani, na katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika miaka ya 1990, ni wimbo namba 116. Nchi iliyotuletea mahadhi yake sasa inaimba ya Buhaya.

Katika mfano wa talanta, mtumishi wa tatu hakulaumiwa kwa kupewa kidogo. Alilaumiwa kwa kukifukia. Wahenga nao walisema, mwacha mila ni mtumwa. Usharika unaoingia karne yake ya pili una watoto wa Shule ya Jumapili, vijana wa Kipaimara na wanakwaya ambao wengi wao hawajawahi kuulizwa wamebeba nini kutoka kwao. Wakiulizwa, na wakasikilizwa kwa uvumilivu, huenda watakaoandika historia ya miaka mia ijayo wakapata wimbo mwingine wa kusimulia.