Karati: neno moja, vipimo viwili

Ukitoka Maganzo, wilayani Kishapu, ukaelekea Geita mjini, utakuta neno lilelile likipima vitu viwili tofauti. Mnunuzi wa almasi anapotaja karati anazungumzia uzito: karati moja ni miligramu 200, kwa hiyo karati tano hutimiza gramu moja. Sonara wa Geita akikutajia karati hajagusa uzito hata kidogo. Anakueleza, katika kila sehemu 24 za pete uliyoishika, ni ngapi zilizo dhahabu tupu.

Chanzo cha yote ni mbegu ya karobu, mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Wagiriki waliiita keration, yaani kipembe, kwa umbo la ganda lake. Waarabu wakasema qirat, Wafaransa carat, na Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa. Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa zamani walizipenda mbegu hizo kwa kuwa zote zina uzito sawa. Hadithi tamu, ila mwaka 2006 watafiti walizipima wakakuta zinapishana kama mbegu za miti mingine.

Ile 24 ya dhahabu inatoka Roma. Sarafu ya dhahabu ya Mfalme Konstantino, katika karne ya nne, ilikuwa na uzito wa punje 24 za karobu. Sarafu yenye punje zote 24 za dhahabu ndiyo iliyohesabiwa kuwa safi, iliyochakachuliwa ilipungukiwa. Uzito ukageuka kipimo cha usafi.

Waislamu wa huku wamelisikia neno hili hata bila kukanyaga duka la sonara. Katika mafundisho ya mazishi, anayemsalia maiti hupata qirati moja ya thawabu, na anayebaki hadi azikwe hupata mbili, kila moja mfano wa mlima Uhud. Punje imekuwa mlima.

Tahajia nayo ina vituko. Waingereza huandika carat kwa almasi na dhahabu pia. Wamarekani wametenganisha: carat ni ya vito, karat ya dhahabu. Kiswahili kina karati moja tu, na msikilizaji anajua maana kwa kutazama kilichowekwa mezani.

Kwa karne nyingi kila mji wa biashara ulikuwa na karati yake, hadi mkutano wa kimataifa wa vipimo ulipoafiki miligramu 200 mwaka 1907. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi Mwadui, hukohuko Kishapu, mwaka 1940, hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kutulia. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ukisikia hivyo, ni kubwa. Kwa mizani ya dukani ni gramu 10.9. Lilipokatwa na kusuguliwa zikabaki karati 23.6. Jiwe jingine la waridi la Mwadui, lililokatwa hadi karati 11.15, liliuzwa mnadani Hong Kong Oktoba 2022 kwa dola milioni 57.7. Hizo ni gramu mbili na ushei.

Geita mambo ni mengine. Katika soko la madini lililofunguliwa Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa uzito kwa gramu na usafi kwa asilimia. Haiwi karati 24 ikitoka ardhini, kwa sababu huja na fedha ndani yake. Karati hurudi kwa sonara, anayechanganya shaba au fedha makusudi ili pete isipinde, maana dhahabu tupu ni laini.

Kwa hiyo ukinunua pete, usiridhike na maneno ya muuzaji. Tafuta muhuri kwa ndani: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, na 585 ni karati 14, ambayo karibu nusu yake si dhahabu.