Elimu ya Kutunza Mali katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Mtu atakaye kujua jinsi vijana wa Shinyanga walivyofundishwa kutunza mali kabla ya kuwapo shule, asianze kwa kutafuta fedha, maana fedha ilikuwa haijawa kipimo cha utajiri katika nchi ile. Aanze kwa ngitili, nalo ni eneo la malisho ambalo Msukuma alilifunga wakati wa mvua, ng'ombe wake wakilishwa kwingine, ili majani yake yasiguswe mpaka kiangazi kitakapoikausha mbuga. Kijana aliyetumwa na babaye kuwazuia ndama wasivuke mpaka wa ngitili, ilhali majani mabichi yako hatua chache mbele ya pua zao, alikuwa akifundishwa akiba. Na jioni, penye moto wa shikome walipokutanika wanaume wa kaya, wakubwa kwa wadogo, alisikia habari za mahari, na za madeni, na za ng'ombe waliowekwa kwa jamaa wa mbali ili maradhi au ukame usiwamalize wote kwa pamoja.

Pamba ndiyo iliyoingiza fedha nyumbani, nayo fedha ikaja pamoja na mizani. Wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambamo Shinyanga na Geita zilikuwamo, walikuwa wakiuza pamba yao kwa wanunuzi wa binafsi, aghalabu wafanyabiashara wa Kihindi, na malalamiko makubwa ya zama hizo yalihusu ratili zilizopunjwa: mkulima alileta mzigo asioweza kuusoma uzito wake, akapokea malipo asiyoweza kuyahakiki. Ndipo watu waliojua kusoma wakawekwa kusimama kando ya mizani kwa niaba ya wakulima, wakitazama mshale na kuandika. Na kutokana na juhudi za namna hiyo Paul Bomani, ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini, pamoja na wenzake wakaunda chama cha wakulima mwaka 1952, kikafuatiwa mwaka 1955 na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililofikia kumiliki vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba, kimojawapo kikiwa Kasamwa, katika Geita. Nasema bila kusita kwamba nchi ile haijapata darasa la hesabu kubwa kuliko lile, kwa sababu kila aliyehudhuria alikuwa na jasho lake ndani ya gunia.

Migodi nayo ilikuwa na somo lake. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ilizoesha watu mshahara wa mwezi. Na mgodi wa dhahabu wa Geita, ulipofungwa mwaka 1966, uliwaonyesha kwamba mshahara huo una mwisho.

Mwaka uliofuata, 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na inafaa kukumbuka alichokitaka hasa, maana wengi hukumbuka jembe peke yake. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua matumizi ya pato la shamba lao, mathalani kama fedha iliyopatikana ikodi trekta au itumike kwa haja nyingine za shule. Katika shule nyingi jembe lilifika, uamuzi haukufika: mwanafunzi alilima na kupalilia, wakati mwingine kwa adhabu, mazao yakauzwa, naye hesabu ya mauzo hakuiona. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na ingawa ni kweli kwamba ndani yake mlikuwa na ubadhirifu, kwangu mimi hasara ilikuwa kubwa, kwani pamoja na wabadhirifu ulipungua pia ule mkutano ambamo mkulima alikuwa na haki ya kusimama na kumwuliza katibu fedha imekwenda wapi.

Vijana waliofuata dhahabu katika Geita na Kahama waliikuta hesabu ngumu zaidi, tena bila mwalimu. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hugharimia chakula, matimba (magogo ya kuegemeza kuta za shimo) na mafuta ya pampu. Mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko, baada ya kutolewa fungu la mwenye leseni na gharama zote. Mchimbaji huipeleka mifuko yake kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na kulipia kusaga, akaosha unga, akanasa dhahabu kwa zebaki, na mara nyingi humwuzia dalali yule yule aliyemkopesha, ambaye ndiye apangaye bei. Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019 limempa muuzaji mizani iliyo wazi, lakini halimfutii deni aliloingia nalo.

Tangu mwaka 2025 Elimu ya Biashara imekuwa somo la lazima kwa wanaoanza kidato cha kwanza katika mkondo wa elimu ya jumla, ilhali zamani biashara na utunzaji wa daftari za hesabu yalikuwa masomo ya wachache waliochagua mchepuo huo. Ninamsihi mwalimu wa Katoro au Kahama auandike ubaoni mgawo wenyewe: mifuko ishirini, aitoe ya mwenye leseni, atoe ya matimba na mafuta, atoe ujira wa karasha, atoe deni la dalali, kisha awaulize wanafunzi kilichobaki kitanunua madebe mangapi ya mahindi, na ni nani kati ya wote hao aliyepata fedha yake kabla jiwe halijatoka shimoni.