Yoga ni ya nani? Tabia ya mtu na njia yake

Kuna maneno yanazunguka sana kati yetu siku hizi: ati yoga ni ya watu wapole, wale wanaokaa kimya kwenye kona, na mwenye kelele aende zake kwa mpira. Tena zile herufi nne za testi ya tabia, kuna wenzetu wanaziandika mpaka kwenye dosie ya kuomba kazi, sawa vile kundi la damu. Nilitaka kujua mawazo haya yametoka wapi. Kumbe historia yake ni ndefu, na haisemi vile tunavyofikiri.

Kule India, zamani sana, shule ya falsafa inayoitwa Samkhya ilifundisha kwamba ulimwengu wote, pamoja na akili ya mtu, umesukwa kwa nyuzi tatu: sattva, yaani mwanga na utulivu, rajas, moto wa kutenda, tamas, uzito na giza. Angalieni vizuri: nyuzi zote tatu ziko ndani ya kila mtu. Kinachobadilika ni kipimo. Bhagavad Gita inafika mpaka kwenye sahani, juu sura ya 17 inaeleza mtu wa uzi gani anapenda chakula gani. Na Arjuna, yule anayefundishwa yoga katika kitabu hicho, si mpole wa kona hata kidogo. Ni askari, yuko juu ya gari la vita katikati ya majeshi mawili. Krishna hamwambii akimbilie msituni. Anamfundisha kutenda kazi yake bila kushikilia matunda yake.

Turuke karne nyingi, tufike Calcutta. Mwaka 1884 kijana mmoja, Narendranath Datta, anamaliza digrii yake. Mwaka huohuo baba yake anakufa, nyumba inabaki na madeni. Kijana anapita biro kwa biro kutafuta kazi, hapati. (Hapa sina haja ya kuwaelezea, mnaijua hiyo barabara.) Alikuwa mbishi, mwenye maswali mengi, na sauti nzuri ya kuimba. Mwalimu wake Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Kali pale Dakshineswar, shule hakusoma sana, lakini watu alijua kuwasoma. Alipenda kutoa mfano wa mama mwenye watoto wengi na samaki wa kupika: mtoto mwenye tumbo la nguvu anapikiwa kwa mafuta na viungo, mwenye tumbo dhaifu anapata mchuzi mwepesi. Samaki ni yuleyule. Njo maana Narendra aliachwa abishane, wakati wengine waliachwa walie na kuimba.

Kijana huyo njo Swami Vivekananda, aliyehutubia Bunge la Dini za Dunia pale Chicago mwaka 1893. Alipofundisha Marekani, ule mfano wa samaki akaupanga kuwa njia nne: karma kwa mtu wa kazi, bhakti kwa mtu wa moyo, jnana kwa mtu wa kufikiri, na raja kwa yule anayetaka kuichunguza akili yake kwa mazoezi. Kitabu chake Raja Yoga kilitoka mwaka 1896. Kupinda mwili, ambako leo sisi tunakuita yoga, hakukupa uzito. Wengi wanaishia kwenye zile njia nne na kuchagua chumba chao. Lakini yeye mwenyewe aliendelea: mtu aliyemtamani ni yule ambaye mambo hayo manne yamekua ndani yake kwa usawa. Njia ni mlango wa kuingilia, si nyumba ya kulala milele.

Zile herufi nne, zenyewe, zina ukoo mwingine. Carl Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu chake juu ya aina za tabia mwaka 1921. Katharine Briggs, mama wa Kimarekani, alikisoma kwa Kiingereza, na pamoja na binti yake Isabel Myers wakakigeuza kuwa testi ya maswali. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Katharine alisomea kilimo! Sisi wa kilimo tulipaswa kufurahi, lakini mimi naona hapo njo kasoro iliingia. Udongo wenye asidi una majibu mawili. Unaweza kupanda muhogo, juu unavumilia. Unaweza pia kuweka chokaa mpaka maharagwe yakubali. Testi inakuambia asidi yako tu, halafu inakuacha na muhogo. Watu wa nyuzi tatu walikuwa na chokaa: chakula, kazi, pumzi, nidhamu.

Jung mwenyewe hakuipuuza yoga. Mwaka 1932, pale Zürich, alifanya semina nzima juu ya Kundalini. Ila mwaka 1936 aliandika kuwaonya Wazungu wasiifanye, eti akili yao imejengwa vingine. Lakini katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia ile miaka mibaya iliyoanza 1913, alipoachana na Freud na akili yake ikachafuka vibaya. Moyo ulipomzidi nguvu, alifanya mazoezi ya yoga, Mzungu yeye. Alipotulia tu, aliyaacha na kurudi kwenye kazi yake.