Tarehe ya Wafinyanzi wa Kitwa, kutoka Ruzizi hadi Mulongwe

Naandika tarehe hii kwa sababu wako watu hapa mjini Uvira wanaotaka kuwapokonya Batwa haki ya chungu. Wazee wamepokezana kwamba Batwa ndio waliotangulia katika nchi hii. Bavira walikuja na mwami wao, Bafuliiru wakashika milima, Babembe wakakaa kusini, Barundi ng'ambo ya mto Ruzizi. Wote hao walipikia chungu cha Mtwa, na bei yake ilikuwa chakula.

Ushahidi umo ardhini. Watafiti Jean Hiernaux na Emma Maquet walitangaza mwaka 1957 na 1960 vigae walivyovikuta Rwanda, Burundi na Kivu. Vya kale zaidi, vinavyoitwa Urewe, vimechorwa mistari. Vilivyofuata vimepigwa alama za nyasi iliyosokotwa. Alama hiyo ya pili ndiyo ya mama wa Kitwa: husuka kamba fupi ya nyasi, akailowesha, kisha akaivingirisha kwa kiganja shingoni mwa chungu kibichi, na safu za mashimo madogo zikabaki nyuma ya mkono wake.

Udongo hutoka mabondeni penye maji. Mama huutwanga, akaondoa mawe, akajenga chungu kwa mizunguko ya udongo bila gurudumu. Hukausha kivulini siku nyingi, kwani unyevu ukibaki, chungu hupasuka motoni. Kuchoma ni kazi ya uwanjani: vyungu hupangwa juu ya kuni, vikafunikwa nyasi, moto ukawashwa. Joto la moto wa namna hiyo kwa kawaida halifiki nyuzi 900, lakini kuanzia kama 600 udongo haurudi tena kuwa tope. Kikishapoa mama hukigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri, kinauzwa.

Hapa nasimama kidogo, maana kuna ubishi ulionichosha. Vijana waliotazama picha za chungu kinachotolewa motoni kikiwa chekundu na kufukizwa moshi husema huo ni ufundi wa Japani uitwao raku, na kwamba mama wa Kitwa ameuazima huko. Basi nao wasikilize. Raku ilianzia Kyoto karne ya 16, kwa mfinyanzi Chojiro, aliyemfinyangia bingwa wa chai Sen no Rikyu bakuli za chai. Ukoo wake bado upo, na mwaka 2019 ukapata mkuu wa kizazi cha 16. Bakuli nyeusi huchomwa moja moja kwa makaa na mivukuto, ikatolewa kwa koleo na kuachwa ipoe hewani. Kufukiza kwenye unga wa mbao kulianzishwa na Mmarekani, Paul Soldner, mwaka 1960. Na kukitendea chungu kikiwa bado cha moto sisi Waafrika tulikujua: wafinyanzi wa Kijaluo wa Kenya hukinyunyizia maji ya magome ya miti. Nani basi amwambie mama wa Kitwa kwamba moto wake ni wa kuazima?

Turudi Uvira. Wasafiri wa Ulaya Burton na Speke walifika Aprili 1858, Livingstone na Stanley Novemba 1871. Hao hawakuja kwa ajili ya vyungu; walitafuta kujua mto Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka. Baada yao zikaja sufuria za bati na ndoo za plastiki, mabonde yakalimwa mpunga na mboga, na mwenye shamba akamfukuza mchimba udongo. Hata hivyo jina la ufinyanzi halikufa: nchini Rwanda chama cha Batwa kilijiita jumuiya ya wafinyanzi mwaka 2007. Na hapa Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu.

Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilitangaza sheria namba 22/030 ya kulinda haki za watu wa Mbilikimo, Batwa wakiwemo. Ninawaomba machifu wa bonde na wakuu wa mtaa wetu waitumie: wawatengee akina mama wa Kitwa bonde la udongo lenye mipaka na hati, wachimbe bila kuomba ruhusa kwa mkulima wa mpunga.