Boksi, Gundi na Magurudumu: Historia Fupi ya Nyumba Nyepesi za Safari

Ndugu wasomaji, wanafunzi wa zamani na ninyi vijana mliomo madarasani, Mhariri amenipa kurasa mbili niandike juu ya jambo lolote la ufundi. Mimi ni fundi wa mabodi ya mabasi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekunja bati na kupiga riveti, na kazi yangu yote imekuwa vita dhidi ya uzito, kwa maana kila kilo unayoiweka katika bodi ni kilo ambayo mwenye basi hawezi kuitoza nauli. Kwa hiyo nimechagua kueleza habari za watu waliopigana vita hiyo kwa silaha ambazo sisi watu wa mabati huzicheka: karatasi, boksi, pamba chakavu na takataka za mbao. Hasa nitazungumzia nyumba ndogo za kukokotwa na gari, yaani trela za kulala, au karavani kama Waingereza wanavyoziita. Makala haya yana kesi ndani yake, na wale waliohudhuria mkutano mkuu wa mwaka jana wanaifahamu. Nitaifikia.

Watu wengi hudhani kwamba kutumia karatasi katika gari ni wazimu wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1772, katika mji wa Birmingham, Uingereza, fundi aitwaye Henry Clay alipata hataza ya kutengeneza mbao za karatasi. Aligandisha karatasi moja juu ya nyingine kwa gundi, akazilowesha katika mafuta ya kitani, kisha akazioka katika joko mpaka zikawa ngumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno na kupigwa randa. Mbao hizo ziliwekwa katika milango na ubavu wa magari ya farasi ya mabwana wakubwa. Fundi yeyote wa mbao atajua mara moja kwa nini. Ubao una nyuzi zinazoelekea upande mmoja, basi jua na mvua vikibadilishana, hupasuka. Karatasi zilizogandishwa hazina upande, na rangi juu yake hukaa laini kama kioo.

Karibu miaka mia baadaye, katika mji wa Troy, jimbo la New York, kijana George Waters alitaka kinyago cha kuvaa katika dansi. Badala ya kununua, aliazima cha mwenzake akatengeneza mfano wake kwa karatasi na gundi. Baadaye akawaza: kama karatasi inaweza kushika umbo la uso, kwa nini isizibe mashua inayovuja? Hiyo ilikuwa mwaka 1867. Haukupita muda mrefu, yeye na baba yake Elisha wakawa wanaunda mashua nzima za karatasi na kuzipaka vanishi. Mmoja wa wateja wao, Nathaniel Bishop, alinunua mtumbwi wenye uzito wa ratili 58, yaani kama kilo 26, ambao ubavu wake ulikuwa na unene wa milimita tatu hivi. Kati ya mwaka 1874 na 1875 aliupiga makasia kutoka Troy mpaka Ghuba ya Mexico. Nusu ya mfuko wa saruji, ndugu zangu, na bahari ikiugonga kila siku!

Nitaje kwa haraka tu magurudumu ya karatasi ya Richard Allen, yaliyopata hataza mwaka 1869, maana wengi hawataniamini. Kadibodi zilishindiliwa kwa mashine, zikabanwa kati ya sahani za chuma, kisha zikavishwa tairi la chuma cha pua. Kampuni ya Pullman iliyaweka chini ya mabehewa yake ya kulala, kwa sababu yalimeza kelele na mtikisiko. Abiria walikuwa wamelala fofofo juu ya karatasi bila ya kujua.

Sasa tuingie katika karavani zenyewe. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa bakteria wa mji wa Detroit, Arthur Sherman, alinunua trela lenye hema la kukunjua. Aliambiwa kwamba litasimama kwa dakika chache tu. Mvua ikamnyeshea yeye na familia yake wakiwa bado wanahangaika nalo. Aliporudi nyumbani hakununua hema jingine, bali aliagiza sanduku la pembe nne juu ya magurudumu, lililofunikwa kwa mbao za Masonite. Halikuwa na uzuri wowote, lakini mvua haikuingia. Watu wakalitamani, naye akaanza kuwauzia. Kufikia mwaka 1936 kampuni yake, iliyoitwa Covered Wagon, ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote za trela nchini Marekani.

Na Masonite ni nini? Ni binamu wa boksi. William Mason, huko Laurel, Mississippi, aliona mabaki ya viwanda vya mbao yakichomwa moto bure. Mwaka 1924 aligundua njia ya kuyajaza mvuke wenye shindikizo kubwa na kuuachia ghafla, hata vipande vikapasuka kuwa nyuzi, ambazo alizibana kwa joto zikawa ubao mwembamba na mgumu. Hadibodi tunayoijua katika dari za nyumba zetu ni ya ukoo huohuo. Sherman, kwa hiyo, alitajirika kwa kujenga nyumba za makapi. Tukumbuke pia kwamba ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi. Si wote walionunua trela walikuwa wanakwenda kutalii. Wako waliozifanya makao, wakifuata kazi kutoka mji hadi mji.

Waliokuwa na fedha walikwenda njia nyingine. Hawley Bowlus, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda kilichounda ndege ya Lindbergh mwaka 1927, aliunda mwaka 1934 trela la alumini kwa maarifa ya ndege, na Wally Byam akafuata mwaka 1936 kwa Airstream Clipper. Ni kazi nzuri mno, nami kama mtu wa riveti nazivulia kofia. Ila bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta kazi.

Hapa ndipo ninapoifikia ile kesi. Katika mkutano wetu, vijana wa Kidato cha Tatu waliomba chama kiwanunulie ekseli moja kuukuu na gundi, ili waunde trela dogo la kulala watu wawili, kuta zake ziwe za maboksi ya dukani. Mzee mmoja mwenzetu akasimama akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, je, shule hii imefikia hali ya kuwafundisha watoto kujenga banda la kuku?" Ukumbi mzima ukacheka. Ombi likaahirishwa. Nilichokiona ni kwamba vijana walikaa chini bila ya kujibu, na jibu lilikuwepo.

Jibu lenyewe ni la hesabu. Ubao ukiuongezea unene mara mbili, ukaidi wake wa kukataa kupinda huongezeka mara nane. Lakini si lazima unene huo wote uwe wa kitu kizito. Ubao unapopinda, ngozi ya upande mmoja inabanwa na ya upande wa pili inavutwa, na katikati hapafanyi kazi kubwa ila kuzitenganisha ngozi hizo. Basi katikati unaweza kuweka kitu chepesi mno. Chukua kipande cha boksi ukitazame ukingoni: ngozi mbili za karatasi, na mawimbi ya karatasi katikati. Mawimbi hayo yalianza Uingereza mwaka 1856 kama bitana ya kofia ndefu, na mwaka 1871 Albert Jones wa New York akayatumia kufungia chupa. Ni elimu ileile inayotumika katika ndege.

Wajerumani wa Mashariki nao, walipokosa bati, waliunda gari la Trabant, kuanzia mwaka 1957 hadi 1991, kwa mabodi ya pamba chakavu iliyogandishwa kwa rezini juu ya fremu ya chuma. Watu waliliita gari la kadibodi kwa kulidhihaki, ingawa kadibodi haikuwamo. Yalitoka zaidi ya milioni tatu. Lilikuwa jepesi, na palitengenezwa hema la kufungwa juu ya paa lake, ambamo watu walilala likizo nzima.

Nako California, katikati ya miaka ya 1960, wasanifu Sanford Hirshen na Sim Van der Ryn waliwapatia vibarua wa mashambani nyumba zilizokunjwa kama feni ya mkono, za karatasi nzito yenye povu gumu la plastiki katikati. Vibarua hao walihama wakifuata mavuno, na kabla ya hapo wengi walilala katika vibanda vibovu au ndani ya magari.

Jirani na kwetu ni Rwanda. Mwaka 1994 watu zaidi ya milioni mbili walikimbia nchi hiyo, na wengi waliingia Ngara. Umoja wa Mataifa uligawa maturubai ya plastiki, lakini nguzo zilitoka msituni, na vilima vikabaki uchi. Nguzo za alumini zilipotolewa, watu waliziuza, maana alumini ni fedha, kisha wakarudi kukata miti. Msanifu wa Kijapani Shigeru Ban akashauri nguzo ziwe mabomba ya karatasi, kama yale yanayoviringishiwa vitambaa madukani: hayana bei sokoni, basi hakuna atakayeyauza. Mwaka 1999 vibanda hamsini vya namna hiyo vilisimamishwa Byumba kwa majaribio. Kabla ya hapo, mwaka 1995, baada ya tetemeko la Kobe, alikuwa amewajengea watu nyumba za mabomba ya karatasi juu ya misingi ya makreti ya bia yaliyotiwa mifuko ya mchanga. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya wasanifu majengo duniani. Sidhani kama huko kuna aliyemwuliza habari za kuku.

Sasa vijana, niwaambie na ubaya wake, maana ninyi ndio mtakaoshika kisu. Adui wa kwanza ni maji, na huingilia ukingoni, si katikati. Kila ukingo uliokatwa uzibwe siku hiyohiyo. Msitumie uji wa muhogo kama gundi. Unashika vizuri, lakini mvua huurudisha kuwa uji, na mende huupenda kama sisi tunavyoupenda. Tumieni gundi nyeupe ya mbao isiyoyeyuka kwa maji. Mawimbi ya boksi la kwanza yaende juu, ya boksi la pili yaende ubavuni, na hivyo hivyo kwa kubadilishana. Kisha nje mvalishe kitambaa cha turubai kilicholoweshwa kwa gundi, mkivute kisiwe na mikunjo, na juu yake rangi ya mafuta mara tatu. Ndivyo wafanyavyo hivi leo watu wanaojiundia trela za povu gumu huko Marekani. Mzigo wa magurudumu usibebwe na kuta: wekeni chesisi ya chuma cha pembe, na kuta zikae juu yake kama kofia. Jiko lisiingie ndani kamwe, wala taa ya mafuta.

Ekseli ninayo moja ya gari dogo, pamoja na turubai la lori lililochanika upande mmoja. Nimezitenga karakanani kwangu. Mwalimu wa ufundi akileta barua, waje Jumamosi na mkokoteni.